Kukereza vyombo vidogo: anza na mti mkavu

Kukereza ni kuchonga kipande cha mti huku kinazunguka, ili kitoke mviringo. Mashine yake huitwa kerezo. Mafundi wa pwani tangu zamani hukereza matendegu ya vitanda kwa uta: mkono mmoja unavuta uta kuzungusha mti, mwingine unashika patasi. Kerezo la namna hiyo halihitaji umeme, hivyo linafaa hata kwenye visiwa vya delta ya Rufiji. Penye umeme, kama Kibiti mjini, mota huzungusha mti.

Kwa anayeanza tunashauri vitu vitatu: mpini wa patasi, mti wa kusukumia chapati, na pia ya watoto. Vyote hutoka kwenye vipande ambavyo seremala angevitia motoni.

Mti utoke wapi?
Omba mabaki ya mninga au mkongo kwenye karakana, au tumia mwembe uliozeeka shambani. Mikoko ya delta ni hifadhi ya serikali. Usiikate bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Kwa nini ukavu?
Mti mbichi husinyaa unapokauka. Mpini uliobana leo utalegea baadaye, na patasi inaweza kuchomoka mkononi mwa mteja. Paka rangi kwenye ncha za kipande zisipasuke, kisha kiweke kivulini juu ya vijiti, hewa ipite. Kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kimekauka. Karibu na bahari hewa ina unyevu, basi usiwe na haraka.

Mti wa chapati, hatua kwa hatua
1. Kata kipande cha mraba, urefu sentimita 40, unene sentimita 5.
2. Kila ncha, piga mistari miwili kutoka kona hadi kona. Inapokutana ndipo katikati.
3. Punguza kona nne kwa randa.
4. Funga kwenye kerezo. Sogeza egemeo la patasi karibu, kisha zungusha kwa mkono kuhakikisha mti haugusi.
5. Chonga kidogo kidogo hadi unene wa sentimita 4. Kwa kerezo la uta, patasi hukata mti unapozunguka kuja kwako tu.
6. Ondoa egemeo, piga msasa. Usipake vanishi, maana ikibanduka huingia kwenye unga.

Usalama
Vaa miwani, na funika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la mkongo huwasha. Kwenye mashine ya mota usivae glavu wala mikono mirefu, kwani mashine hunasa nguo na kuuvuta mkono.

Kabla ya kuuza, kaa na kazi yako ya kwanza wiki mbili. Ikipinda au ikipasuka, hasara itakuwa kipande kimoja tu. Ukiiuza kabla ya hapo, utapoteza mteja.