Maikrokontrola inavyoweza kupima kelele za mtaani

KELELE za baa, jenereta na magari ni kero ya siku nyingi kwa wakazi wa mijini, lakini mlalamikaji asiye na kipimo hubaki na neno lake dhidi ya neno la jirani.

Mtu mwenye ujuzi kidogo wa elektroniki anaweza kujiundia kipimo kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Inayojulikana zaidi ni Arduino, iliyoanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005.

Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme hafifu, amplifaya huukuza, kisha chipu huusoma maelfu ya mara kwa sekunde. Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, hivyo kila ngazi ni takriban milivolti 5. Programu hukokotoa nguvu ya mawimbi hayo na kuigeuza kuwa desibeli.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwani desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huwa imeongezeka mara 10. Kwa hiyo nusu saa ya desibeli 50 ikifuatiwa na nusu saa ya desibeli 80, wastani wake si 65 bali 77. Programu isiyozingatia hilo huificha kelele ile ile inayolalamikiwa.

Aidha, chipu yenyewe inajua volti tu. Ili namba zake ziaminike, kifaa hurekebishwa kwa chombo maalumu kinachotoa sauti ya desibeli 94, au huwekwa kando ya kipimo kilichothibitishwa na usomaji wa vyote viwili ukalinganishwa. Programu pia hupaswa kuchuja sauti kwa kufuata usikivu wa sikio la binadamu, ambalo hupokea sauti nzito kwa udhaifu zaidi.

Maikrofoni iwekwe mbali na ukuta na ifunikwe sponji kuzuia upepo. Kifaa kihifadhi namba na saa pekee, si mazungumzo ya majirani.

Mwaka 1999, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kelele zisizidi desibeli 30 katika chumba cha kulala usiku na 35 darasani. Tanzania nayo ilitunga kanuni za viwango vya kelele na mitetemo mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Hata hivyo, kifaa cha kujiundia hakichukui nafasi ya vipimo vinavyokidhi viwango vya kimataifa, ambavyo ndivyo wakaguzi hutegemea. Faida yake ni kumbukumbu: kinapoonyesha kuwa kelele hupanda kila Ijumaa kuanzia saa nne usiku, mlalamikaji anaweza kuomba mkaguzi afike saa hiyo hiyo, badala ya asubuhi wakati mtaa umekwisha kutulia.