Kabla ya mashine ya TENS, kulikuwa na samaki

Treni ya Reli ya Kati ikishapita Manyoni na Itigi, mkoani Singida, hukata mbuga kuelekea Tabora hadi Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Humo ziwani anaishi kambale mwenye umeme mwilini. Jamaa yake wa Mto Nile hupiga shoti ya zaidi ya volti 300, kushinda soketi ya ukutani, naye alichongwa kwenye makaburi ya Misri zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Maandishi ya kutibu maumivu kwa shoti ya samaki tuliachiwa na Scribonius Largus, tabibu wa Roma, mnamo mwaka 47 hivi. Yeye alitumia taa wa umeme wa baharini. Mgonjwa wa jongo alisimamishwa ufukweni kwenye mchanga uliolowa, samaki hai chini ya wayo, mpaka mguu ukafa ganzi hadi gotini. Mwenye kuumwa kichwa aliwekewa samaki pale panapouma. Kipimo cha dawa, bila shaka, alikijua samaki mwenyewe.

Karne ya 19 ilileta mashine, na matapeli hawakukosekana: Ulaya na Marekani iliuzwa mikanda ya umeme ya kuponya kila kitu. Maelezo ya kisayansi yalikuja 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall waliposema uti wa mgongo una lango. Mishipa ya fahamu inayobeba mguso ikichangamka, taarifa za maumivu hubanwa njiani. Ndiyo maana aliyejikwaa husugua kidole. Mwaka 1967 Norman Shealy alipandikiza kifaa cha umeme kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa. Kijisanduku cha kubandika juu ya ngozi kilikusudiwa kupima nani anafaa kupandikizwa, lakini baadhi ya wagonjwa wakaona hicho chenyewe kinatosha. Ndiyo TENS: betri, nyaya na vibandiko.

Mapitio ya tafiti 381 yaliyochapishwa 2022 yalionyesha maumivu hupungua mashine ikiwa inafanya kazi, au mara tu baada ya kuzimwa. Hata hivyo NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, tangu 2016 inashauri isitolewe kwa maumivu ya kiuno.

Kwa hiyo mkulima wa vitunguu au alizeti wa Singida, anayeshinda ameinama na jembe, asiuze mbuzi kununua mashine hiyo mnadani. Aanzie hospitali, kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiiguse kabla ya kumwuliza daktari.