Mkasi wa Kanisa na Injili ya Pasolini

Kwa miaka mingi baada ya 1934, Wakatoliki wa Marekani walikuwa na Jumapili moja ya Desemba isiyofanana na nyingine. Baada ya mahubiri, waumini walisimama, wakainua mkono wa kulia na kuahidi kwa sauti kwamba hawataingia katika majumba ya sinema yanayoonyesha filamu chafu. Aliyetaka kujua filamu ipi ni chafu hakupata shida. Orodha ilikuwepo: herufi A kwa filamu safi, B kwa yenye kasoro za kimaadili, C kwa ile iliyolaaniwa kabisa. Mwaka 1947 kundi la B lilipata mgeni wa ajabu, Miracle on 34th Street, hadithi ya mzee mpole mwenye ndevu nyeupe anayesema yeye ndiye Baba Krismasi wa kweli. Kosa la filamu hiyo? Mama wa mtoto aliyemo alikuwa ameachana na mumewe.

Ni rahisi kuwacheka watu hao leo. Lakini walikuwa na hofu yenye msingi, na hofu hiyo ilikuwa na historia yake.

Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba sinema ni biashara kama biashara nyingine, kwa hiyo haikingwi na uhuru wa kujieleza kama linavyokingwa gazeti. Majimbo na miji ikapata ruhusa ya kukata filamu itakavyo. Kisha mwaka 1921 mchekeshaji maarufu Roscoe Arbuckle akashtakiwa kwa kifo cha mwigizaji mmoja wa kike huko San Francisco. Mahakama ilimwachia huru mwaka uliofuata, lakini magazeti yalikwisha kumhukumu, na Hollywood nzima pamoja naye. Wenye studio wakamtafuta mtu wa kuwasafishia jina. Wakampata Will Hays, mzee wa kanisa la Kipresbiteri aliyekuwa waziri wa posta, wakamweka juu ya chama chao mwaka 1922. Hays alikuwa na maneno mazuri na mamlaka madogo.

Aliyeleta sheria yenyewe alikuwa padri. Daniel Lord, Mjesuiti wa St. Louis, hakuwa adui wa sinema hata kidogo. Alifundisha fasihi, aliandika tamthilia, na Cecil B. DeMille alipotengeneza The King of Kings, filamu ya maisha ya Yesu iliyotoka 1927, Lord alikuwa miongoni mwa washauri wake. Pamoja na Martin Quigley, Mkatoliki wa Chicago aliyechapisha magazeti ya biashara ya sinema, aliandika kanuni ambazo studio zilizikubali mwishoni mwa Machi 1930. Uhalifu usionekane wa kuvutia. Mtazamaji asiachwe akiwa upande wa mwovu. Ndoa iheshimiwe, na viongozi wa dini wasifanywe vichekesho. Katika orodha hiyohiyo likaingizwa pia katazo la mapenzi kati ya mweusi na mweupe, ambalo halikutoka kwenye Injili yoyote. Lilitoka kwa hofu ya wafanyabiashara waliotaka kuuza tiketi katika majimbo ya Kusini.

Studio zilitia saini, kisha zikaendelea na mambo yao. Uchumi ulikuwa umeporomoka, viti vilikuwa vitupu, na mwigizaji Mae West alivijaza kwa mzaha wake wa chumbani. DeMille mwenyewe, yuleyule wa The King of Kings, alitoa The Sign of the Cross mwaka 1932. Ni kisa cha Wakristo wa Roma wanaotupiwa simba, ila kabla ya simba mtazamaji anamwona mke wa Nero akioga katika birika la maziwa. DeMille aliijua siri ambayo watengenezaji wengi wa filamu za dini wameitumia tangu hapo: dhambi ipewe saa moja na nusu, toba ipewe dakika kumi. Padri Lord alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Oktoba 1933 mjumbe wa Papa nchini Marekani, Amleto Cicognani, aliwataka Wakatoliki waanzishe kampeni. Mwaka uliofuata ikazaliwa Legio ya Adabu, yenye ile ahadi ya Desemba na ile orodha ya herufi. Kardinali Dougherty wa Philadelphia alikwenda mbali kuliko wote: aliwakataza waumini wake kuingia katika jumba lolote la sinema, liwe linaonyesha filamu njema au mbaya. Wenye majumba walihesabu makusanyo na kuishiwa ubishi. Kufikia Julai 1934 Hays alikuwa amempa Joseph Breen, mwandishi wa habari Mkatoliki, ofisi yenye meno. Filamu isiyo na muhuri wa Breen haikuonyeshwa katika majumba ya studio kubwa, na aliyekaidi alitozwa faini ya dola 25,000. Papa Pius XI aliisifu Legio katika waraka wake Vigilanti Cura wa Juni 1936.

Kwa hiyo kwa miaka ishirini hivi, sinema iliyotazamwa duniani kote ilipita kwanza mezani kwa Mkatoliki mmoja mwenye kalamu nyekundu. Haikuwa miaka ya filamu mbaya, na wanaodai kwamba kanuni ziliua sanaa wanasahau filamu kama Casablanca. Waandishi walijifunza kusema mambo kwa kuzunguka, kwa kivuli na kwa mlango uliofungwa.

Ubovu wa mfumo ulikuwa katika aina ya macho uliyoyatumia. Breen na wenzake walihesabu. Busu limechukua muda gani? Nguo imeishia wapi? Gone with the Wind ya 1939 ilipewa B na Legio kwa sababu ya vituko vya kimapenzi, huku picha yake ya watumwa walioridhika na utumwa wao ikipita bila kumsumbua mkaguzi. Mkristo aliyeifuata orodha aliongozwa kuona paja na kutoona mnyororo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya 1948. Baba mmoja mjini Roma amepata kibarua cha kubandika mabango, kibarua kisichofanyika bila baiskeli, na baiskeli inaibwa siku ya kwanza kazini. Anazunguka mji na mwanawe Bruno akiitafuta, hadi mwishoni yeye mwenyewe anageuka mwizi mbele ya macho ya mtoto. Breen aliitazama hadithi hiyo ya umaskini, aibu na msamaha, akataka vipande viwili viondolewe: pale Bruno anapotaka kujisaidia ukutani, na pale mwizi anapofukuzwa hadi ndani ya danguro. De Sica akakataa, filamu ikaonyeshwa Marekani bila muhuri. Legio ikaipa B.

Ulaya Wakatoliki wengine walikuwa wakiitazama filamu hiyohiyo kwa namna tofauti. Shirika lao la kimataifa la sinema, OCIC, lililoanzishwa 1928, lilianza kupeleka majaji wake kwenye matamasha na kutoa tuzo badala ya laana. Mfaransa André Bazin, Mkatoliki na mmoja wa waanzilishi wa jarida la Cahiers du cinéma, aliandika juu ya De Sica kama mtu anayesoma maandiko: taratibu, akitafuta nini kinasemwa kuhusu binadamu.

Marekani mkasi ulianza kubutuka mahakamani. Kardinali Spellman wa New York aliongoza upinzani dhidi ya filamu fupi ya Roberto Rossellini, Il miracolo, ambamo mchungaji wa mbuzi asiye na akili timamu anamdhania mpita njia kuwa Mtakatifu Yosefu. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu, na Mei 1952 majaji wote waliifuta hukumu ya 1915: filamu nayo ni njia ya kujieleza. Hata hivyo, Desemba 1956 Spellman alipanda mimbari ya kanisa kuu la Mtakatifu Patrick kuikataza Baby Doll, filamu ambayo hakuwa ameitazama.

Kisha akatokea Pier Paolo Pasolini, mtu ambaye hakuna parokia ingemtegemea. Alikuwa mkomunisti, hakuamini Mungu, na Machi 1963 mahakama ya Roma ilimhukumu kifungo cha miezi minne, kilichoahirishwa, kwa kuikashifu dini katika filamu fupi La ricotta. Oktoba 1962 alikuwa Assisi, mgeni wa jumuiya ya Wakatoliki, siku ambayo Papa Yohane XXIII alizuru mji huo na barabara zikafurika watu. Akabaki chumbani. Kando ya kitanda palikuwa na Injili, akaisoma.

Filamu yake ya 1964, Il vangelo secondo Matteo, haina nyota wala birika la maziwa. Yesu ni mwanafunzi wa uchumi kutoka Hispania, Enrique Irazoqui. Maria wa uzeeni ni mama mzazi wa Pasolini. Matera, mji maskini wa mapango kusini mwa Italia, ndio Yerusalemu, na maneno yanayosemwa ni ya Mathayo. Muziki wake una Bach, na una pia Gloria ya Missa Luba, misa iliyoimbwa na kwaya ya Kamina, Katanga, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Gloria hiyo inasikika filamu inapoanza, na tena kaburi linapofunguka. Pasolini aliitoa kwa kumbukumbu ya Papa Yohane. Mafashisti waliipinga kwenye tamasha la Venice, OCIC ikaipa tuzo yake kuu.

Baada ya hapo mfumo wa mkasi haukudumu. Legio ilibadilishwa jina 1965, na kanuni za Hollywood ziliachwa 1968, zikafuatwa na mfumo wa kutaja umri wa mtazamaji. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha yake ya filamu 45 zinazofaa kutazamwa, 15 za dini, 15 za maadili na 15 za sanaa. Kwenye dini, pamoja na Ben-Hur, yumo Pasolini. Kwenye maadili, bila nukta ya maelezo kuhusu zile siku za B, imo baiskeli ya De Sica. Kwenye sanaa limo hata zimwi la Nosferatu linalonyonya damu.

OCIC iliungana na shirika la Kikatoliki la redio na televisheni mwaka 2001 na kuwa SIGNIS. Majaji wake wameketi pia Zanzibar, kwenye tamasha la ZIFF, wakitazama filamu za Waafrika Mashariki katika kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, na kumpa tuzo mtengenezaji bila kumuuliza anasali wapi.