Vidoti kwenye kadi ya dada

Najua nimewatupa karibu wiki tatu. Kwanza UE zilinibana, halafu siku ile ile niliyotoka kwenye chumba cha mtihani mama akanipigia simu na kunipa kazi nyingine, ambayo ukifeli hakuna sapu: kuandika majina kwenye kadi za send-off ya dada yangu. Kadi 120. Sababu? "Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri hapa nyumbani."

Nikasema sawa. Nikazibeba mpaka hosteli, nikanunua peni ya wino wa dhahabu steshenari, nikaanza. Kadi zetu mnazijua. Kila kitu kimeshachapwa: familia ya fulani inayo furaha kubwa kukualika, tarehe, ukumbi, saa. Katikati ndiyo panaachwa vidoti. Prof/Dkt/Bw/Bi/Bw na Bi, halafu vidoti. Chini kwenye kona, single au double. Kazi yangu ilikuwa hivyo vidoti tu. Usiku wa pili usingizi ukanizidi, nikawa nazitumbukiza kwenye bahasha bila kukagua, na kadi moja ikaenda Morogoro tupu. Ya baba mdogo. Anayemfuata baba kabisa, tumbo moja, na ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na cha sita.

Mimi hakunipigia. Alimpigia mama, akamuuliza taratibu tu: "Shemeji, hii kadi mmenipa nimpelekee nani?"

Jamani. Siku mbili sikula vizuri. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, na ninapokuwa na aibu huwa nakimbilia maktaba badala ya kukimbilia kuomba msamaha (udhaifu wangu huo, naujua), nikaenda kutafuta ni nani hasa alituletea hivi vidoti.

Wa kwanza niliyemkuta ni Mwingereza mmoja, Henry Cole. Mwaka 1843, London. Miaka mitatu nyuma yake, 1840, Uingereza ilikuwa imeanza posta ya peni moja, na Cole mwenyewe alikuwa mmoja wa waliohangaikia mpango huo. Sasa posta ikiwa rahisi, watu wanaandikiana. Desemba ikifika barua zinakuwa rundo, na adabu inadai kila moja ijibiwe. Cole hakuwa na muda. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amchoree picha moja ya familia iliyokaa mezani ikinywa kwa kutakiana heri, pembeni wapo watu wanaowapa maskini chakula na nguo. Zikachapwa nakala kama 1,000, na zilizozidi zikauzwa shilingi moja moja, bei ambayo kibarua wa siku zile asingeigusa. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi ya biashara duniani. Kuna waliomsema kwa sababu mtoto kwenye picha anaonyeshwa akinywa divai, lakini hilo tuliache.

Nilichokuwa nakitafuta kipo kwenye kadi hiyo hiyo. Juu imeandikwa kwa nani, pakaachwa nafasi. Chini imeandikwa kutoka kwa nani, pakaachwa nafasi. Yaani kadi ilizaliwa na vidoti vyake! Mtu amechapisha 1,000 kwa sababu hana muda wa kuandika, na bado akaona pale pawili lazima mkono upite. Na rangi pia zilipakwa kwa mkono, kadi moja moja.

Mwaka 2001 kadi moja kati ya hizo iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 20,000. Ilikuwa ile ambayo Cole aliijaza mwenyewe akampelekea bibi yake.

Halafu nikakutana na huyu binti, na hapa naomba mnivumilie maana nimempenda. Anaitwa Esther Howland, mzaliwa wa Worcester, Massachusetts, mwaka 1828. Baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Alisoma Mount Holyoke, chuo cha wasichana chenye sheria kali kuliko hosteli yoyote mnayoijua, akamaliza 1847. Mwaka uliofuata mkuu wa chuo, Mary Lyon, alisimama ukumbini mbele ya wasichana akapiga marufuku kutumiana kadi za Valentine. Tunalijua hilo kwa sababu mwanafunzi mmoja aliyekuwepo alimwandikia kaka yake habari hiyo. Mwanafunzi huyo ni Emily Dickinson, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa mashairi. Na wasichana, bila shaka, walikuwa wanazituma kwa siri. Vyuo ni vile vile tu.

Howland alipokuwa amerudi nyumbani akapokea kadi ya Valentine kutoka Uingereza, yenye karatasi iliyotobolewa kama lesi na maua pembeni. Wengine tungeibusu tukaiweka chini ya mto. Yeye aliigeuza geuza akasema hii naweza kutengeneza bora zaidi. Akamshawishi baba yake aagize karatasi za lesi na picha za maua kutoka Uingereza. Akatengeneza sampuli chache, kaka yake akaondoka nazo kwenye safari ya kuuza bidhaa za duka. Inasimuliwa kwamba Esther alitegemea oda za dola 200. Kaka akarudi na oda za dola 5,000.

Sasa zinatengenezwaje hizo zote? Akawaita rafiki zake. Ghorofa ya tatu ya nyumba yao ikawa na meza ndefu: huyu anakata picha, yule anapanga karatasi ya rangi chini ya lesi ili rangi ichungulie, mwingine anabandika, na kadi inatembea kutoka mkono hadi mkono mpaka imekamilika. Wengine waliokuwa na watoto wa kulea walipelekewa maboksi ya vifaa nyumbani, kazi ikakusanywa baada ya wiki. Zote za mkono. Nyuma inagongwa herufi H nyekundu. Kwa miaka biashara ile ilikua mpaka mapato yake yakatajwa kuwa dola 100,000 kwa mwaka, na hapo tunazungumzia karne ya 19.

Nilipomsomea habari hii mwenzangu wa chumbani akacheka. Akasema hicho ni kiwanda tu, mbona unakisifia kama kazi ya mapenzi? Msichana anabandika ua kwenye kadi ya watu asiowajua, kadi 50 kwa siku, hapo kuna cha moyoni gani? Tulibishana mpaka umeme ukakatika. Hoja yake ina nguvu, nakubali. Mikono iliyoipamba kadi haikuwa ya mpenzi, ilikuwa ya mwajiriwa.

Lakini Howland mwenyewe nadhani alilijua tatizo hilo. Mwaka 1879 alitoa kitabu kidogo cha beti 131, zimechapwa kwa rangi mbalimbali. Ukinunua kadi nzuri lakini maneno ya ndani hayakugusi, unachagua ubeti kitabuni, unakata, unabandika juu ya ule wa mwanzo. Ona sasa. Maua kabandika mfanyakazi, lesi imetoka Uingereza, ubeti katunga mtu mwingine, lakini mkasi wa mwisho unaushika wewe. Kidogo sana, lakini ni chako.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 aliuza biashara yake kwa mshindani wake wa mji huo huo, George Whitney, ili akamuuguze baba yake. Hakuolewa. Alifariki 1904. Kampuni ya Whitney nayo ilifunga 1942, karatasi zilipoadimika wakati wa vita.

Karatasi za kufungia zawadi sitazisema sana, maana habari yake ni ya bahati tu. Kansas City, Desemba 1917, duka la ndugu wawili, Joyce na Rollie Hall, ambao ndio wa Hallmark. Karatasi nyepesi za kufungia zikawaishia wakati wa Krismasi, wakaweka kaunta karatasi za Kifaransa za mapambo ambazo kazi yake ilikuwa kutandikwa ndani ya bahasha. Senti kumi moja. Zikaisha mara moja. Kwa hiyo ukiona mtu anafunga zawadi kwa karatasi isiyokusudiwa zawadi, usimcheke. Ndivyo ilivyoanza.

Mpaka hapo nilikuwa nasoma mambo ya watu. Jumapili nikaenda nyumbani nikamkuta bibi sebuleni na khanga ya dada mapajani, sindano mkononi, anapinda. Nikasimama mlangoni nikiangalia kama sijawahi kuona.

Maana khanga nayo habari yake ni hiyo hiyo, ila imeanzia upande wa pili. Kule kwa Howland mashine zilitangulia, mkono ukafuata kupamba. Huku pwani, Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, mkono ulitangulia. Leso zilikuja zikiwa vitambaa vya mraba vilivyochapwa kwenye jora moja, hazijakatwa. Wanawake wakawa wanakata sita, wanaunga tatu tatu, halafu wanashona safu mbili pamoja, wanapata nguo moja pana yenye michoro ya kuchagua wenyewe. Wafanyabiashara wakaona wateja wanakokwenda, wakaagiza nguo nzima ichapwe hivyo. Kiwanda kikamwiga fundi wa nyumbani. Maneno yakaja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Katika habari za majina ya khanga anatajwa sana Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza 1887, na ile alama ya "Mali ya Abdulla" kwenye khanga ni yake.

Na hata leo khanga haiji imekamilika. Inauzwa doti, vipande viwili vimeshikana (usichanganye na vidoti vyangu), na mtu ndiye anayekata na kupinda. Ukimpa mtu doti mbichi kutoka dukani, umempa zawadi, sawa. Ukimpa iliyokatwa na kupindwa tayari, umempa na jioni yako. Bibi macho hayamsaidii siku hizi, lakini alikataa isipelekwe kwa fundi cherehani. Dukani nako alimsomesha muuzaji majina ya khanga zaidi ya kumi, kila moja anatikisa kichwa, maana khanga ya send-off ikiwa na jina baya ukweni watalitafsiri mpaka wajukuu. Hakutunga neno hata moja, alichagua. Sawasawa na yule mteja wa 1879 na mkasi wake.

Nirudi kwenye aibu yangu. Kwenye kikao cha kamati mwenyekiti alikuwa amependekeza tangu mwanzo tutume kadi za simu, zile za WhatsApp zenye alama ya kuskani mlangoni. Bei nafuu, na jina la kila mgeni linaingizwa na kompyuta. Mama alikataa. Na lazima niseme ukweli hata kama unaniumiza: tungemsikiliza mwenyekiti, kadi ya baba mdogo isingeenda tupu. Kompyuta haisinzii saa nane usiku.

Jumamosi nikapanda treni ya umeme kwenda Morogoro. Nilikuwa nimemtengenezea kadi mpya, yote kwa mkono. Karatasi ya manila, ukingoni nimebandika kipande cha khanga alichokikata bibi, maandishi yote kwa ile peni ya dhahabu, hata ramani ya ukumbi. Usiku mzima wa kazi. Njiani nikawa naifungua kila baada ya stesheni kuangalia kama gundi imeshika.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Za masomo?"

Nikampa kadi kwa mikono miwili. Akaiangalia sana, akapitisha kidole kwenye khanga, akasema imependeza. Akaiweka mezani. Halafu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ile nyingine. Hakuwa ameitupa. Akaifungua pale penye vidoti, akatoa biro yake ya bluu mfukoni.

"Andika."

Nikaandika pale pale mezani, yeye amesimama nyuma ya kiti. Bw na Bi, halafu jina lake, lote, na la ukoo. Mkono ulikuwa unatetemeka, mwandiko mbaya kuliko kadi zote 119 nilizoandika hosteli.

"Na double usisahau," akasema, "mama yako mdogo ataniua."

Kama atakuja hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza. Nilipokuwa naondoka ile niliyoitengeneza ilikuwa bado mezani, ila ile ya vidoti alikuwa ameshaisimamisha juu ya kabati la vyombo, mahali mgeni akiingia anaiona.

Send-off ni Jumamosi ijayo. Mama ameniongezea kadi 14 za majirani waliosahauliwa, na safari hii nazikagua moja moja kabla ya kuziba bahasha. Ngoja niendelee, peni imeanza kukauka.