Vyumba vya Uani Jinja na Mbale

Ukipita Main Street mjini Jinja, Uganda, inua macho juu ya maduka: majina ya Kihindi na mwaka wa ujenzi vimeandikwa kwa saruji. Barabara za pembeni ndiko ziliko nyumba za bangalo, hazina ghorofa, zina baraza pana mbele na vyumba vidogo vya watumishi uani. Mbale, chini ya mlima Wanale, nyumba za namna hiyo hazikosekani.

Zilijengwa kwa fedha ya pamba. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa 1912, na Wahindi wakamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa 1954, viwanda navyo vikafuata umeme.

Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao zikashikwa na serikali, na nyingi zikagawiwa wanajeshi na wale walioitwa mafuta mingi, yaani matajiri wapya. Sheria ya 1982 iliruhusu wenyewe wadai mali zao. Tangu hapo, ukizitaja nyumba hizi, mazungumzo huishia kwenye hati za umiliki.

Nadhani tumekosea pa kuanzia: tungeanza na waliokaa humo, si na hati. Chukua mfano wa Marekani: huko Jackson, Mississippi, ipo nyumba ya kawaida ya chini aliyoishi Medgar Evers, mpigania haki za Wamarekani weusi. Mbele haina mlango. Mlango uko ubavuni, penye banda la gari, na watoto walilala kwenye magodoro sakafuni ili risasi ya dirishani iwapite juu. Evers aliuawa kwa risasi hapo nje tarehe 12 Juni 1963, akirejea nyumbani. Nyumba hiyo haina pambo, ila leo ni kumbukumbu ya taifa, kwa sababu ya maisha yaliyopita ndani yake.

Jinja na Mbale, zilizofanywa majiji 2020, zina haki ya kuzitunza bangalo zao kwa kipimo hicho. Familia iliyofukuzwa ihesabiwe, na mpishi aliyelala uani ahesabiwe pia, maana yeye ndiye aliyewasha moto alfajiri na jina lake halikuandikwa ukutani. Mtumishi aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amevuka 70. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, kabla ya kumwita msanifu majengo.