Breki za Ringi na Breki za Diski: Kutoka Mteremko wa Lubaga hadi Mashindano ya Dunia

Watu wakisimulia habari za baiskeli, aghalabu husimulia mbio zake: nani alikwenda kasi, na nani aliwasili wa kwanza. Habari za kusimama kwake husahauliwa. Sisi twaona kwamba historia ya chombo hiki haikamiliki mpaka itazamwe na breki yake, na mahali pafaapo kuanzia ni kilimani, kwa kuwa tambarare haiijaribu breki kama mteremko uijaribuvyo. Kwa hiyo twaanzia Lubaga, katika jiji la Kampala.

Lubaga ni kilima chenye kumbukumbu nyingi. Hapo ndipo Kabaka Muteesa wa Kwanza alipokuwa na kasri yake wakati Stanley alipomzuru mwaka 1875, na hapo ndipo liliposimamishwa kanisa kuu la Mtakatifu Maria, lililotabarukiwa tarehe 31 Desemba 1925. Waumini, wachuuzi na wanafunzi wapandao huko hawana budi kushuka tena, ama kwa upande wa Mengo, ama kwa upande wa Nateete. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huugeuza udongo mwekundu wa njia za pembeni kuwa utelezi mtupu.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na Kampala yenyewe mwaka 1931. Pamoja na shehena nyingine iliingiza baiskeli, na fedha za pamba na kahawa zikawawezesha wakulima wa Buganda kuzinunua. Waganda waliiita eggaali, neno lililo ndugu wa "gari" letu la Kiswahili; na ili isichanganywe na garimoshi, yaani eggaali y'omukka, iliitwa pia maanyi ga kifuba, maana yake nguvu za kifua. Jina hilo lazungumza juu ya kupanda. Juu ya kushuka halisemi kitu.

Iliyoenea zaidi ilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma, ya Raleigh kutoka Uingereza na baadaye ya Hero kutoka India. Breki zake zilitumia fito nyembamba za chuma badala ya waya. Mpandaji akibana mkono wa breki, fito huvuta juu kibano chenye raba mbili, nazo raba zikaishika ringi kwa upande wa ndani. Ubora wa breki hii ni kwamba yote yaonekana kwa macho. Raba ikilika, fundi wa chini ya mti aweza kuchonga nyingine kutoka katika kipande cha tairi kuukuu, na safari ikaendelea.

Ila yake nayo yajulikana. Ringi ikilowa, maji hujiweka baina ya chuma na raba, na breki haishiki mpaka gurudumu limezunguka mara kadhaa na kuyafuta. Mchanga nao huikwangua ringi polepole. Ndiyo sababu mtu aliyefunga mikungu ya matoke nyuma ya baiskeli, akikuta mteremko umelowa, hufanya busara kushuka na kuikokota.

Wanamashindano wa Ulaya walikuwa na baiskeli nyepesi mno, lakini kanuni ya breki yao ilikuwa ile ile. Kwa miongo mingi katika mashindano ya Tour de France, yaliyoanza mwaka 1903, ringi ndiyo iliyobanwa. Waya ulishika nafasi ya fito, na alumini ikashika nafasi ya chuma. Kisha zikaja ringi za kaboni, na hapo udhaifu wa zamani ukazidi: mvuani raba hazikuzishika vema, na joto la mteremko mrefu wa milimani liliweza kuziharibu.

Dawa ilitoka katika magari. Mwingereza Lanchester alikuwa amepata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za namna hiyo lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans. Katika baiskeli, diski ndogo ya chuma hufungwa karibu na kitovu cha gurudumu, ikabanwa na vipande viwili ambavyo kwa kawaida husukumwa na mafuta. Hukaa mbali na matope, na ringi yasalimika.

Hata hivyo Shirikisho la Baiskeli la Dunia lilikwenda kwa hadhari. Liliruhusu diski katika mbio za matopeni mwaka 2010, na barabarani likaanza majaribio mwaka 2015. Wapinzani walisema kwamba diski zaongeza uzito, zachelewesha kubadili gurudumu, na zaweza kuwakata watu wanapoangukiana. Aprili 2016 Mhispania Francisco Ventoso alijeruhiwa mguu katika mbio za Paris–Roubaix akailaumu diski, ingawa wengine walibisha. Majaribio yakasimamishwa, yakarudishwa mwaka 2017, na Julai 2018 ruhusa kamili ikatolewa.

Miongoni mwa walioshuku alikuwamo mzaliwa wa Nairobi. Chris Froome, aliyewahi kuiwakilisha Kenya kabla ya kupanda kwa bendera ya Uingereza, alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, zote kwa breki za ringi. Mapema mwaka 2021 alilalamika hadharani kwamba diski hupata moto katika miteremko mirefu na kusuguana na vibano vyake. Wala hakuwa akitetea ukale tu, kwani mwaka 2020 Tadej Pogačar alikuwa ameshinda mbio hizo hizo kwa breki za ringi. Lakini viwanda vikubwa vilikuwa vimekwisha kuziacha katika baiskeli zao bora. Hoja ilimalizwa kiwandani kabla ya kumalizwa barabarani.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, katika vilima vya Kigali, na Pogačar akashinda, safari hii kwa diski. Vilima vile ni jamaa wa Lubaga. Kijana wa kwetu atakaye kushindana huko hana budi kuwa na diski, mafuta yake, na zana za kutoa hewa katika mirija. Na hivyo fundi wa chini ya mti hanavyo. Usalama wa mvuani ni faida ya kweli, nasi hatuukatai. Lakini umenunuliwa kwa kumtoa fundi wa jirani katika kazi aliyoimudu, na gharama hiyo yamwelemea zaidi aliye mbali na duka.

Basi, walimu wenzetu, kazi yetu ni ipi? Lubaga ya leo yashuka zaidi kwa pikipiki za boda boda, biashara iliyoanza kwa baiskeli mpakani Busia, na breki iliyolika yaua vile vile. Tuwafundishe vijana jinsi breki ifanyavyo kazi, kwa maneno ambayo mafundi wanayo tayari: ringi, raba, waya, diski. Ajuaye jina la kitu na kazi yake hutambua mapema kinapoharibika, naye fundi aliyefundishwa diski kwa lugha aielewayo ataweza kuitengeneza hapo hapo kilimani.