Abiria wakiadimika: mshahara wa rubani, mshahara wa mpishi wa kambi

Kuanzia Julai, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, ndege ndogo huleta wageni kwenye viwanja vya vumbi katika mapori ya magharibi mwa Tanzania. Ndege inayojulikana zaidi kwa kazi za namna hiyo nchini ni Cessna Caravan, ya injini moja. Jina hilo la Caravan maana yake ni msafara, kwa hiyo unaweza kusema misafara imerudi kwenye njia ya zamani ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ila sasa inapita juu. Nyuma ya ndege moja kuna rubani, fundi, dereva wa kambi, mpishi, mfuatiliaji wa nyayo za wanyama. Mgeni asipokuja, wote huguswa.

Mwaka 2020 wageni hawakuja. Aprili 11 mwaka huo Tanzania ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, ikazifungua tena Mei 18. Lakini anga kufunguliwa si sawa na abiria kurudi. Watalii walioingia nchini walipungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020.

Kampuni ya ndege inapokosa abiria, gharama nyingi haziondoki. Ndege iliyoegeshwa bado inadaiwa bima, kodi ya kukodishwa na matengenezo. Kinachoweza kupunguzwa haraka ni mishahara, na hapo kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni likizo bila malipo: mfanyakazi hafukuzwi, jina lake linabaki kwenye orodha, lakini halipwi hadi aitwe. Ya pili ni wote kukubali kukatwa kiasi ili asiondoke mtu.

Marekani njia ya kwanza imezoeleka, na huenda kwa zamu ya kuajiriwa: aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, kampuni ya NetJets inayorusha ndege za matajiri na makampuni iliwapeleka likizo marubani karibu 500 mwanzoni mwa 2010. Kwa rubani, kukaa nyumbani kuna hasara ya ziada. Kwa kawaida haruhusiwi kubeba abiria kama ndani ya siku 90 hajapaa na kutua angalau mara tatu. Kuna pia vipimo vya afya na mitihani ya mara kwa mara. Akikaa nje mwaka mzima, hawezi kurudi siku ile ile anayoitwa.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mfano ulio wazi zaidi ni wa Kenya Airways. Machi 2020 shirika lilitangaza kukata mishahara: mkurugenzi mtendaji asilimia 80, wakuu wenzake asilimia 75, wafanyakazi wengine kati ya asilimia 25 na 50. Mchango wa shirika kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni nao ulisimamishwa. Ndege zilikuwa chini, na wengi waliona afadhali nusu ya mkate kuliko kukosa kabisa.

Ugomvi ulikuja ndege ziliporudi kuruka. Novemba 5, 2022 marubani wa chama chao, KALPA, waligoma. Walidai mchango wa akiba urudishwe na fedha za mishahara zilizozuiwa wakati wa korona zilipwe. Shirika lilisema bado lina hasara. Maelfu ya abiria walikwama, na siku chache baadaye mahakama ya kazi iliwaamuru marubani warudi kazini ifikapo saa 12 asubuhi ya Novemba 9. Walirudi. Kwa maoni yangu, mzizi wa mgogoro ule haukuwa ukubwa wa makato. Ulikuwa swali la lini yangeisha, na nani angeamua kwamba hali sasa imekuwa nzuri.

Tabora inaujua mchezo huu tangu zamani. Wapagazi wa Kinyamwezi walipatana ujira kwa doti za merikani na shanga, pamoja na posho ya njiani. Posho ikipungua, waliweza kutua mizigo chini na kukataa kuendelea. Katikati ya pori tajiri hakuwa na pa kupata wapagazi wengine, kwa hiyo nguvu ilikuwa yao. Lakini nguvu hiyo ilitegemea wakati. Vita vya Mirambo na wafanyabiashara wa Tabora, kuanzia 1871, viliziba njia na biashara ikayumba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, tajiri wa njia hii alipata namna nyingine ya kusafirisha mzigo wake.

Rubani ana nguvu viti vikijaa, hana vikiwa vitupu, na makubaliano ya kukatwa mshahara huandikwa vikiwa vitupu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitofautishi rubani wa kampuni binafsi na mpishi wa kambi. Masharti ya kazi yakibadilika, mshahara ukiwemo, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kisha kumjulisha badiliko hilo kwa maandishi. Tangazo la ubaoni tu halitoshi. Ukiletewa karatasi ya kukubali makato, tazama kama inataja tarehe ya mwisho, kama kiasi kinachokatwa kimefutwa au kimeahirishwa tu, na kama michango ya NSSF itaendelea. Neno "kuahirishwa" lina deni ndani yake, "kufutwa" halina.

Mwajiri akitaka kupunguza watu, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama, kuhusu njia za kuepuka au kupunguza hatua hiyo na namna ya kuchagua wa kuondoka. Aliyepunguzwa hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 mfululizo anapata siku 42. Wa miaka 14 anaishia siku 70. Notisi, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28.

Wa mikataba ya msimu wana hali yao. Mkataba ukifika tarehe yake umekwisha, na hapo hakuna kupunguzwa. Lakini kama mazingira yalikupa sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa, kwa mfano umeitwa kila Julai kwa miaka mingi, kutoongezewa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi mikoani. Kwa kuachishwa kazi isivyo halali muda ni siku 30 tangu siku ya kuachishwa; kwa migogoro mingine, kama makato ya mshahara, ni siku 60. Nenda na mkataba, hati za mshahara, na kama tangazo lilikuja kwa simu, usiufute ujumbe huo.